Rafu ya fimbo za kuvulia za Mwalimu: venye nilijenga, venye ikaziharibu, na venye nilijenga tena

Wacha nianze na ile siku mlango ulifunguliwa. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei 2024, ile mvua kubwa ya Aprili iliyofurisha Mathare na Mukuru ndio ilikuwa imetulia, Mwalimu akanipigia asubuhi akasema, "Kijana wangu, ukipata nafasi kuja uone kitu." Hakuwa na hasira kwa sauti na hiyo ndio iliniuma, juu namjua, akikasirika anaongea polepole lakini akihuzunika anaongea kawaida kabisa. Nikafika Buruburu kama saa nne, akanipeleka mpaka stoo ya chini ya ngazi, akafungua mlango wa ile rafu nilikuwa nimemjengea Januari. Harufu ilitoka kabla sijaona kitu. Harufu ya viatu vya mvua vilivyosahaulika kwa mfuko.

Hiyo rafu niliipenda sana. Niliipiga picha ikiisha, nikaonyesha wateja. Ndio maana naandika hii kitu yote mwanzo mpaka mwisho, na vipimo vyake, juu naona watu wengi sana hapa Nairobi wanaweka fimbo zao za kuvulia vile mimi niliweka, na shida haionekani mpaka mvua moja kubwa ipite.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, vitanda na makabati ndio mkate wangu. Kuvua nilifunzwa na Mwalimu, na kabla ya hapo alikuwa amenifunza hesabu darasa la saba. Yeye ni mtu wa trauti, na trauti kwetu si samaki wa asili, mayai yake yalitolewa Scotland na Ewart Grogan mwaka wa 1905 yakatiwa mto Gura kule Aberdare, halafu na miaka ikienda akasambazwa kwa mito mingine baridi ya Aberdare na Mlima Kenya, na hadi leo kuna kituo cha kuzalisha vifaranga vyake pale Kiganjo karibu na Nyeri. Babake Mwalimu akiwa kijana alikuwa anawabebea wavuvi wazungu mizigo kando ya hiyo mito, na mmoja wao akirudi kwao alimwachia fimbo. Fimbo ya mwanzi, lakini si ule mwanzi wa kukata mtoni ukafunga mshipi, hii ni vipande sita vyembamba vilivyochongwa pembe tatu vikagundishwa pamoja mpaka fimbo inakuwa na pande sita kama penseli. Futi nane, inagawanyika vipande viwili, kila kipande sentimita 122. Mzee alimwachia Mwalimu. Kila kitu kwa hii kisa kinazunguka hiyo fimbo, zile zingine pesa inaweza kurudisha.

Zile zingine ni nne. Mbili za kaboni za futi tisa za trauti, zinagawanyika vipande vinne kila moja, ukizikunja ni kama sentimita 70 tu. Moja ya futi saba vipande viwili, ya kambare wa Sagana na Masinga. Halafu moja fupi nene ya mbuta wa Ziwa Victoria, futi sita na nusu, kipande kimoja haigawanyiki, hiyo huenda nayo akitembelea shemeji yake Homa Bay. Ongeza rili sita, zile za kuzungushia mshipi, visanduku vya ndoano, chubwi za kuzamisha mshipi, maboya, na nzi bandia wa chambo wengi ajabu, maana wengine huwa anafunga mwenyewe jioni na manyoya ya jogoo.

Kabla ya Januari hivi vitu vilikuwa vinalala kila mahali. Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, juu ya kabati, chini ya kitanda. Mlango ulishapigwa na upepo ukavunja ncha ya fimbo moja, na siku ya Krismasi mjukuu wa miaka minne alitoka chini ya kitanda na ndoano ya mikono mitatu imeshika soksi, bahati nzuri ni soksi tu. Shosho, mke wake, akasema hizo vitu zitafutiwe nyumba yao ama zihame na mwenyewe. Ndio nikaitwa.

Sasa nyumba za Buruburu wengi wenu mnazijua, ghorofa moja, ngazi ndani, na chini ya ngazi kuna hiyo nafasi watu huweka mitungi ya gesi na mabuti. Yake ilikuwa na upana wa sentimita 90, urefu wa mita mbili, upande mmoja unasimama wima na ule mwingine unainama. Nilipoiona nilijua hapa ndio penyewe. Nikapiga mbao ya saiprasi kwa ukuta wa nyuma, nikatoa vigingi jozi nne, umbali wa mita moja kati ya kigingi na kigingi, fimbo zilale mlalo. Upande wa kuinama nikaweka rafu tatu za visanduku. Halafu mlango, na kwa mlango ndio niliweka ile kitu nilikuwa najivunia, nikazungusha mpira mweusi pembeni yote, ule wa milango ya gari, ndio vumbi isiingie hata kidogo. Ukifunga unasikia pfff. Mwalimu alifurahi, akaifungua na kuifunga mara kama tano.

Nirudi Mei. Nilitoa kitu kimoja kimoja nikaweka kwa meza ya chakula, juu ya gazeti, na tukaandika kila moja imeumia wapi, hii nashauri mtu yeyote afanye kabla hajaanza kulaumu ama kununua dawa. Mipini ya koki, ile gome laini kama kizibo cha chupa ya waini, ilikuwa na ukungu wa kijivu, mingine imeota madoa meusi. Zile pete za kupitisha mshipi, ndani ni kauri kwa hivyo ndani ni safi, lakini miguu yake pale inafungwa na uzi ilikuwa imeanza kutu. Kisanduku kimoja cha ndoano kilikuwa kimebadilika rangi chote, ukiweka ndoano moja yenye maji kati ya hamsini kavu na ufunge kifuniko, zote zinapata ugonjwa. Fimbo moja ya kaboni ilikuwa ndani ya bomba lake la alumini, na hiyo Mwalimu alikuwa na uhakika kwamba iko salama kuliko zote. Tulipoitoa vanishi yake ilikuwa imefura malengelenge madogo madogo kama ngozi iliyoungua.

Halafu ile ya mwanzi. Niliiangalia nikiishika mbele ya jicho kama mtu anaangalia kama mbao imenyooka. Kipande cha juu kilikuwa kimepinda. Tukavuta uzi kutoka mwisho mpaka mwisho, nikapima pengo la katikati, milimita 11. Mwalimu hakusema kitu, alienda jikoni akarudi na chai.

Kosa la kwanza lilikuwa wazi saa hiyo hiyo na ni langu. Vigingi viwili mita moja kando kwa kitu chembamba hivyo ni mbali sana, na juu ya hiyo fimbo walikuwa wameanza kutundika vitu vingine, wavu wa mkono, mkoba, na mwanzi ukikaa miezi na mzigo katikati unajifunza kupinda. Kaboni inavumilia zaidi, mwanzi hauvumilii. Hata ile tabia ya kusimamisha fimbo kwa kona ikiegemea ukuta ni hivyo hivyo, siku moja si kitu, mwaka mzima utaona.

Lakini unyevu ulitoka wapi? Hapo ndio sikutaka kubahatisha. Mwalimu alisema ni mvua tu, mwaka mbaya. Shosho akasema ni ile nyumba, imezeeka. Mimi nikachukua nailoni safi, ile nzito, nikakata vipande viwili vya sentimita 30 kwa 30, nikabandika kimoja ukuta wa nyuma na kingine ukuta wa upande wa jikoni, kingo zote nne zimefungwa na selotepu mpaka hewa haipiti. Tukaacha siku mbili. Maana yake ni rahisi, kama maji yanatokea nyuma ya nailoni, kati ya nailoni na ukuta, basi yanatoka kwa ukuta wenyewe. Yakitokea mbele, upande wa chumba, ni hewa ya ndani iliyo na mvuke inayogusa kitu baridi. Siku ya pili nikarudi. Ukuta wa nyuma, matone yalikuwa nyuma, mengi, yanateremka. Ukuta wa jikoni, nyuma pakavu, na mbele kulikuwa na mvuke mwembamba ukipitisha kidole unaacha alama.

Kwa hivyo ni zote mbili. Nikazunguka nje kuona nyuma ya ule ukuta kuna nini, na nikakuta paipu ya kuteremsha maji ya paa inaishia juu ya saruji iliyopasuka, mvua yote ya lile paa ilikuwa inamwagwa pale pale kwa msingi. Jiwe letu la kujengea linanyonya maji vizuri sana. Maji yanaingia chini yanapanda ndani ya ukuta, yanafika plasta, na kwa stoo ya kawaida yenye mlango unaopitisha hewa yangekauka polepole. Mimi nilikuwa nimeweka mpira. Nilifungia unyevu ndani na fimbo, na nikaupa miezi minne bila kusumbuliwa. Ule mvuke wa sufuria za jikoni nao ulikuwa unaingia kila mlango ukifunguliwa, na ukishafungwa hautoki.

Nilinunua kile kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, cha betri, bei yake si kubwa, na kama utachukua kitu kimoja kwa hii story yote chukua hiki. Chini ya ngazi kilisoma asilimia 84. Juu, pale ngazi zinaishia kabla ya vyumba, 61, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, nyumba hiyo hiyo. Ukungu unaanza kufurahia maisha hewa ikikaa juu ya asilimia 70 na kitu kwa muda mrefu, na ikifika 80 ni karamu.

Ningeweza kuishia hapo, nihamishe rafu juu, nitengeneze paipu, niseme nimemaliza. Na kusema ukweli nilikuwa nimeanza kupima kule juu. Lakini ile fimbo ya ndani ya bomba la alumini ilikuwa inanisumbua, juu bomba lilikuwa limefungwa kifuniko cha kuzungusha, ukuta haungeweza kuifikia. Nikamuuliza Mwalimu swali ambalo nilipaswa kumuuliza Januari. Nilimuuliza, "Ukitoka mtoni unafanyanga nini kwanza?"

Akafikiria. Akasema anatoka mto Thego saa tisa, wanapita Karatina wananunua viazi na kabeji, msongamano wa Thika Road, anafika nyumbani saa mbili usiku, amechoka, miguu inamuuma, anaingiza vitu vyote kwa stoo na kufunga mlango. Fimbo inaenda kwa kitambaa chake, ule mfuko wa kuivisha, na kitambaa kinaenda kwa bomba. Asubuhi ni kanisa. Halafu haiguswi mpaka safari ingine, mara wiki tatu, mara miezi miwili.

Kitambaa kikiwa na maji. Safari ya Machi ilikuwa na mvua. Kwa hivyo ile fimbo ililala miezi miwili imevishwa nguo ya maji ndani ya chuma kilichofungwa, na vanishi ikapata malengelenge, na hakuna rafu nzuri duniani ingeiokoa. Mimi nilimjengea mahali pa kuweka. Sikumjengea mahali pa kukausha. Sisi mafundi tunapima ukuta, tunapima kitu, lakini hatupimi ile saa moja ya mtu akifika nyumbani amechoka, na ni hiyo saa inaamua kila kitu. Ukimwambia mzee wa miaka sabini na mbili apangusie fimbo tano saa mbili usiku kabla ya kula, atasema ndio na hatafanya, na hana makosa.

Basi kazi ya pili ilianza na mahali pa kukausha, rafu ikawa ya mwisho.

Nyuma ya nyumba kuna kibaraza kidogo chenye mabati, kwa njia ya kuingilia kutoka kwa gari. Hapo nikafunga mbao moja ya inchi 2 kwa 2, urefu wa mita mbili na nusu, kimo cha kifua cha Mwalimu mwenyewe, si changu, yeye ni mfupi. Kwa hiyo mbao nikaweka ndoana za makabati, zile za kupindika za kutundikia vikombe, kila sentimita 15, na vibanio vya nguo vya mbao nimevigundisha. Akishuka kwa gari anapita hapo lazima, hawezi kufika mlangoni bila kupita. Anatoa fimbo kwa kitambaa, anatundika kitambaa, vipande vya fimbo vinaingia kwa vibanio pale kwa mpini, rili zinakaa kwa kisahani, visanduku vinawekwa wazi, vifuniko juu. Dakika nne. Nilimpima na saa. Hakuna kupangusa, hakuna kitu, ni kuacha tu upepo ufanye kazi. Jua halifiki hapo na hiyo ni maksudi, jua kali linachosha mshipi wa nailoni haraka, na sehemu zilizogundishwa pia hazipendi joto, kama vile kuacha fimbo ndani ya gari limeegeshwa mchana. Zinakaa hapo usiku huo na siku inayofuata yote, usiku anaingiza ndani ya mlango akiogopa wezi anarudisha asubuhi. Jumatatu zinapanda juu.

Rafu ya juu sasa. Niliweka kwa ukuta wa kati, ule kati ya vyumba viwili vya kulala, ambao upande wote mbili ni ndani ya nyumba, hauguswi na mvua wala bafu. Nikabandika nailoni hapo pia kwanza, siku mbili, pakavu mbele na nyuma. Safari hii fimbo zinasimama wima, uzito unashuka moja kwa moja kwa kitako, hakuna katikati ya kulegea. Mbao mbili za saiprasi za inchi 6 kwa 1 nilizotoa Gikomba, nikazipiga randa, moja iko sentimita 20 kutoka sakafuni na ingine juu yake. Ya chini ina vikombe, nilikata paipu ya plastiki ya inchi 2 vipande vya sentimita 10, nikatoboa mbao chini ya kila kikombe tundu la milimita 12, kama kuna tone lolote lishuke na hewa ipande. Ya juu ina mikato ya umbo la U, na ndani ya kila mkato nimegundisha kipande cha patapata kuukuu. Nilijaribu sponji ya godoro kwanza, inalegea na inashika unyevu. Patapata inabana bila kukwaruza na hainyonyi maji, na kila nyumba Nairobi iko na moja imekatika kamba.

Umbali kati ya fimbo na fimbo ni sentimita 15. Nilianza na 10 kwa karatasi, ndio zitoshe nyingi, halafu nikaweka rili kwa fimbo mbili nikaona zinagongana mikono. Nafasi ni nane, fimbo za kusimama hapo ni nne, najua mvuvi. Na zile mbao hazijashikana na ukuta, nimeweka vijiti vya sentimita 4 nyuma ndio hewa izunguke pande zote. Kwa jiwe nilitoboa tundu refu la sentimita 7 nikaingiza plagi ya plastiki na skrubu ya inchi 3, plasta peke yake ni kama sentimita moja na nusu na haibebi kitu, ukiishia kwa plasta utalia. Vanishi nilipaka mara mbili na nikaacha wiki nzima ikauke kabla ya kuweka fimbo yoyote, harufu ya vanishi mbichi kwa mpini wa koki inakaa.

Mlango hakuna. Mwalimu aliuliza vumbi je. Nikamwambia vumbi inapanguswa na kitambaa, ukungu haupanguswi. Lakini kuna dirisha pale juu ya ngazi na jua la asubuhi linaingia mpaka ukutani, kwa hivyo Shosho akashona pazia la marikani, pamba tupu, linapitisha hewa na kuzuia mwanga. Ndilo jambo Shosho alichangia na ni zuri kuliko mlango wowote ningetengeneza.

Ya mwanzi haisimami na zingine. Nilipiga ndoana mbili juu kabisa, mwisho wa rafu, kimo cha sentimita 190, na kila kipande kinaning'inia peke yake ndani ya kitambaa chake kwa ule mkanda wa kitambaa, kikiwa huru, hakigusi chini, hakiegemei kitu. Uzito wake wenyewe unaivuta inyooke. Hakuna kingine kinaruhusiwa kutundikwa hapo na nimemwambia mjukuu mkubwa akiona mtu anatundika kofia aripoti kwangu.

Vyombo vidogo ndio vilichukua mawazo mengi kuliko fimbo. Nilitengeneza droo nne fupi za plaiwudi ya milimita 9, kina cha sentimita 6 tu, juu droo ikiwa na kina kirefu vitu vinalala juu ya vingine na mtu anapekua na vidole kati ya ndoano. Ziko kimo cha sentimita 140 na kila moja ina kitasa kidogo cha kusukuma, wajukuu hawafiki. Nyuma ya kila droo nimetoboa matundu. Ndani ni vile visanduku vyenye vyumba vyumba, na kwa kila kimoja vile vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, Shosho anavikusanya sasa. Chubwi za risasi ziko kwa mkebe wao wenye kifuniko, droo ya juu kabisa, na ukizishika unanawa kabla ya kushika chakula, hiyo ni sheria ya nyumba, risasi ni sumu na mtoto akiiweka mdomoni si mchezo.

Kitu kingine nilijifunza kwa hiyo meza ya Mei ambacho hakikuwa na uhusiano na unyevu kabisa. Wale minyoo wa plastiki laini wa kuvulia walikuwa wameyeyuka wakashikana na kisanduku, rangi nyekundu imeingia kwa nyeupe, chini kumekuwa kama gundi. Mafuta yanayofanya ile plastiki iwe laini yanatoka polepole na yanakula plastiki ngumu ya aina nyingine. Wakae kwa pakiti walizokuja nazo, rangi mbali na rangi, basi.

Na manyoya. Nzi bandia ni manyoya ya kuku na nywele za wanyama, kwa nondo hiyo ni chakula. Mwalimu alikuwa anaweka zile tembe nyeupe za nondo ndani ya kisanduku na mvuke wake ulikuwa umefanya kifuniko cha plastiki kififie na kunata. Tumeacha. Sasa manyoya mapya yakitoka sokoni yanaingia kwa mfuko wa kufunga zipu, yanalala kwa friza wiki nzima kando ya nyama, halafu yanaenda droo yakiwa bado yamefungwa. Shosho alikubali kwa sharti mfuko uandikwe.

Rili, nitapita haraka. Osha na maji safi, kausha, na ukiweka legeza ile breki yake kabisa, visahani vya ndani vikikaa vimebanwa miezi vinalala hivyo hivyo na siku ya samaki mkubwa mshipi unatoka kwa kuruka ruka.

Paipu ya nje tuliiwekea kiwiko na kupeleka maji mpaka mtaro, na saruji ikazibwa. Hiyo stoo ya chini nilitoa mpira wa mlango nikakata matundu juu na chini. Ukuta ulichukua mpaka karibu Desemba kukauka vizuri, na sasa kuna ndoo na jembe tu. Pesa zote za vifaa hazikufika elfu saba, kazi yangu sikuhesabu, nilikuwa na deni.

Mipini ya koki tulisugua na mswaki laini na sabuni ya kuoshea vyombo, ikarudi, isipokuwa madoa meusi mawili ambayo yako mpaka leo. Kutu ya pete ilitoka, mbili zikabadilishwa. Ile ya malengelenge haikupona, inavua vizuri lakini inakwaruza ukipitisha kidole. Kipimo cha unyevu kinaning'inia kwa rafu na Mwalimu anaandika nambari kwa daftari kila Jumapili baada ya kanisa, mwandiko ule ule wa ubaoni. Masika yote ya 2025 hakikuzidi 69, na hiyo ilikuwa wiki moja ya Mei, tukawasha feni ndogo siku mbili ikashuka.

Ya mwanzi nimeipima mara nne na uzi ule ule. Kutoka milimita 11 ilikuja 8, halafu 6, na imekaa 6 tangu Februari. Niliuliza kama anataka tumtafute mtu wa kuinyoosha na joto, akakataa, anaogopa na mimi pia naogopa. Mwezi wa tisa alienda nayo Gura mara ya kwanza tangu yale yote, siku nzima, na akirudi saa mbili na nusu usiku nilikuwa nimepita kumletea kiti alichoniagiza, nikamkuta kibarazani gizani na tochi ya simu mdomoni, koti bado limelowa, anaingiza kipande cha juu kwa kibanio. Hakunisalimia mpaka alipomaliza.